Artemisia: Jani la Uchina linalotibu malaria, ila si kwa birika la chai

Je, msomaji, umewahi kurudi kutoka nyumbani mashambani baada ya likizo, ukawa mzima siku ya kwanza, ya pili, hata ya tano, kisha wiki ya pili ukatetemeka kwa baridi ilhali jua linawaka?

Kama unaishi Kamere, ule mtaa ulio kusini mwa Ziwa Naivasha kando ya barabara ya Moi South Lake, huenda jambo hili si geni kwako. Wengi wa wakazi wa Kamere walifika huko kutafuta kazi katika mashamba ya maua, na si haba waliotoka magharibi mwa nchi: Siaya, Busia, Homa Bay, Kakamega na Vihiga. Krismasi ikikaribia, au kukitokea msiba, hupanda matatu hadi mjini Naivasha, wakapata basi la kupitia Nakuru na Kericho kwenda nyumbani. Wakirudi hubeba mahindi, karanga na kuku. Mara nyingine hubeba pia abiria asiyelipa nauli, yaani vimelea vya malaria.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika katika ploti. Huyu anasema ni uchovu wa safari. Yule anasema ni nimonia ya baridi ya ziwani. Na wa tatu, mwenye kujua mengi, atakuambia: "Usihangaike na foleni ya zahanati. Chemsha artemisia, ule mti wa Wachina, unywe vikombe viwili vitatu. Hata dawa ya hospitali imetoka humo humo."

Nusu ya maneno ya jirani huyo ni kweli tupu. Nusu iliyobaki inaweza kumpeleka mtu kaburini. Wiki hii tunakuletea kisa cha jani hilo tangu mwanzo, ili ujue ni wapi ukweli unapoishia na ni wapi hatari inapoanzia.

NI MMEA GANI HUU?

Artemisia tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo wataalamu huiita Artemisia annua. Wachina huiita qinghao. Ni mmea wa msimu mmoja, unaoweza kukua hadi kupita kimo cha mtu. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, na ukiyafikicha mkononi hutoa harufu kali yenye utamu fulani. Mbegu zake ni ndogo mno, hivi kwamba gramu moja tu huwa na zaidi ya mbegu 10,000.

Kwa watu wa Bonde la Ufa, mmea huu si mgeni kabisa kiukoo. Uko katika jamii moja na pareto, lile ua jeupe lililowapa wakulima wa Molo na viunga vyake karo ya watoto kwa miaka mingi. Kwa miongo kadhaa Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa pareto, na makao ya kiwanda chake yalikuwa papa hapa Nakuru. Dawa inayopakwa kwenye vyandarua vya kuzuia mbu ilitengenezwa na wanasayansi kwa kuiga sumu iliyomo ndani ya ua hilo. Kwa hiyo, msomaji, ukilala chini ya chandarua chenye dawa na ukameza vidonge vya malaria, umekingwa na kutibiwa kwa ujuzi uliotoka katika mimea miwili ya ukoo mmoja.

JANI LA KALE

Wachina walianza kulitumia jani hili zamani sana. Mnamo mwaka 1973, wachimbaji wa mambo ya kale walipata maandishi ya tiba ndani ya kaburi moja la Mawangdui, katikati mwa Uchina, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Humo qinghao imetajwa, lakini si kwa malaria bali kwa ugonjwa wa bawasiri.

Ilichukua karne kadhaa zaidi kabla ya jani hilo kuhusishwa na homa. Katika karne ya nne baada ya Kristo, mganga na mwanachuoni aliyeitwa Ge Hong aliandika kitabu kidogo cha tiba za dharura, ambacho mtu angeweza kukibeba safarini. Katika sehemu ya homa zinazokuja na kuondoka, alielekeza kwamba mgonjwa achukue konzi moja ya qinghao, ailoweke katika maji, aikamue, kisha anywe maji yale yote. Na mnamo mwaka 1596 kilipochapishwa kitabu kikuu cha dawa za mitishamba cha Li Shizhen, jani hilo lilitajwa tena kuwa tiba ya homa na baridi ya aina hiyo.

Katika mafunzo ya waganga wa Kichina, kila dawa ina tabia yake: kuna za moto na za baridi, tamu na chungu. Qinghao huhesabiwa kuwa chungu na baridi. Kwa hivyo kazi yake ni kuondoa joto mwilini, hasa lile joto linalompanda mtu jioni, likashuka, kisha likarudi. Hawakujua lolote kuhusu mbu wala vimelea. Walichojua ni kwamba mgonjwa wa aina hii, akipewa jani hili, mara nyingine hupata nafuu.

Zingatia maneno hayo, msomaji: mara nyingine.

BI TU NA DAWA NAMBARI 191

Miaka ya 1960, vita vikiwa vimepamba moto Vietnam, malaria iliwaangusha askari kama risasi. Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa katika eneo hilo. Vietnam Kaskazini iliiomba Uchina msaada, na tarehe 23 Mei 1967 serikali ya Uchina ikaanzisha utafiti wa siri uliopewa jina la Mradi 523, kutokana na siku na mwezi huo.

Mapema mwaka 1969, mtafiti wa Beijing, Bi Tu Youyou, aliyekuwa na umri wa miaka 38, alikabidhiwa kikosi cha kutafuta dawa hiyo ndani ya tiba za jadi. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale, wakawahoji waganga wazee, wakakusanya maagizo ya dawa zaidi ya 2,000. Waliwajaribia panya wenye malaria dawa moja baada ya nyingine. Qinghao ilionyesha dalili njema, lakini ilikuwa kigeugeu. Leo inafanya kazi, kesho haifanyi.

Bi Tu alirudi kwenye kitabu cha Ge Hong na kukisoma upya. Ndipo alipogundua jambo ambalo wengine walikuwa wamelipita. Mzee yule hakusema jani lichemshwe, kama ilivyo desturi ya dawa nyingi za mitishamba. Alisema lilowekwe na kukamuliwa. Je, ingekuwa joto ndilo linaloua nguvu ya dawa? Bi Tu akaacha kuchemsha. Akatumia etha, kiowevu kinachochemka kwa joto la chini sana, kuivuta dawa kutoka kwenye majani.

Tarehe 4 Oktoba 1971, dawa iliyopewa nambari 191 iliwaponya panya wote waliojaribiwa. Baadaye iliwaponya na nyani. Mwaka 1972, kabla ya kupewa wagonjwa, Bi Tu na baadhi ya wenzake waliinywa wao wenyewe ili kuhakikisha kwamba haidhuru. Kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa wa kisiwa cha Hainan, na homa zikashuka. Mwaka huo huo walifanikiwa kuitenga chembe yenyewe yenye nguvu, ambayo leo dunia huiita artemisinini.

Miaka ilipita kabla ya jina lake kujulikana ng'ambo. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 84, Bi Tu Youyou alitunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba, pamoja na William Campbell na Satoshi Ōmura waliogundua dawa ya minyoo.

KUTOKA UCHINA HADI ZAHANATI YAKO

Wewe uliyesoma shule miaka ya 1980 bila shaka unaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake uliokukesha usiku kucha. Vimelea viliizoea, na mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitegemea kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Zikaja dawa za aina ya Fansidar, nazo hazikudumu. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ambazo dawa za zamani zilikuwa zimeshindwa kutumia dawa mseto zenye asili ya artemisinini. Kenya ilibadilisha sera yake mwaka 2004, na kufikia 2006 dawa hizo zilianza kusambazwa katika hospitali na zahanati za umma. Hizo ndizo wengi wetu tunazozijua kwa jina la Coartem, au kwa kifupi AL.

Wakati huo mahitaji yalikuwa makubwa hata majani yakawa haba duniani. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walipewa mbegu, na kiwanda cha kukamua artemisinini kikajengwa Athi River. Kwa hivyo jani la Uchina lililimwa katika udongo wetu wenyewe, likasafirishwa ng'ambo na kurudi kwetu likiwa kidonge.

Kwa mgonjwa aliyezidiwa, yule anayepata degedege au asiyejitambua, kuna sindano ya artesuneti, ambayo nayo hutokana na artemisinini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika ikiwemo Kenya, ulionyesha kwamba sindano hiyo ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja kwa tano ikilinganishwa na kwinini. Hesabu hiyo ni watoto wa watu, msomaji, si takwimu tu.

MBONA BASI TUSIINYWE CHAI?

Hapa ndipo tunapomrudia jirani yetu wa Kamere. Ikiwa dawa imetoka katika jani, kwa nini mtu asichemshe jani akaokoa pesa zake?

Sababu ya kwanza ni kipimo. Majani ya artemisia hayalingani. Kuna mmea wenye artemisinini nyingi na kuna mwingine wenye kidogo sana, kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvunwa na namna majani yalivyokaushwa. Huwezi kujua kwa kutazama wala kwa kuonja, kwani uchungu si kipimo. Fauka ya hayo, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji. Nyingi hubaki katika makapi unayoyatupa.

Sababu ya pili ni kwamba artemisinini, hata ikiwa safi, hufanya kazi kwa kasi na kutoweka mwilini baada ya saa chache. Ndiyo maana vidonge huitwa dawa mseto. Sehemu ya kwanza, artemetha, hufagia vimelea vingi kwa haraka. Sehemu ya pili, lumefantrini, hukaa mwilini kwa siku kadhaa ikiwamalizia waliojificha. Katika kikombe cha chai, huyo wa pili hayupo.

Matokeo yake yalionekana katika utafiti mmoja wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliochapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 132 wa malaria isiyo kali walihusika. Katika waliokunywa chai ya artemisia, wastani wa asilimia 74 walionekana kupona, ilhali waliopewa kwinini walikuwa asilimia 91. La kutisha zaidi ni kwamba wengi katika wale wa chai, ugonjwa uliwarudia baadaye.

Umeona mtego huo? Chai inaweza kuishusha homa. Mgonjwa anaamka, anaoga, anarudi kazini kukata maua, na anawaambia wenzake kwamba dawa ya Wachina ni kiboko. Lakini vimelea vilivyosalia vinazaana upya, na wiki chache baadaye anaanguka tena akiwa amekonda na damu imepungua. Kwa mtu mzima hiyo ni hasara ya mshahara. Kwa mtoto mdogo yaweza kuwa mauti.

Sababu ya tatu inatuhusu sote. Vimelea vinavyopigwa kidogo bila kuuawa hujifunza kustahimili. Dalili za usugu dhidi ya artemisinini zilionekana kwanza Kambodia, karibu mwaka 2008. Watafiti wakathibitisha kuwepo kwa vimelea vya aina hiyo Rwanda mwaka 2020 na kaskazini mwa Uganda mwaka 2021. Uganda si mbali. Busia imegawanywa na mpaka tu. Kwa sababu hizo zote, Shirika la Afya Duniani limetangaza, na kurudia mwaka 2019, kwamba haliungi mkono chai wala unga wa artemisia kuwa tiba au kinga ya malaria.

Mwaka 2020 jina la artemisia lilivuma tena. Aprili ya mwaka huo Madagaska ilizindua kinywaji chenye jani hilo kikisemekana kutibu korona, na mwezi uliofuata Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Shirika la Afya Duniani halikukipitisha kuwa tiba. Lakini jina likishavuma, wauzaji hawakosi. Leo ukiuziwa unga katika karatasi ya nailoni, jiulize kwanza: je, ni artemisia ile ile? Kuna ndugu yake wa Kiafrika, Artemisia afra, anayemea katika nyanda zetu za juu. Hutumiwa na wengi kwa kikohozi na tumbo, lakini hana artemisinini ya kumtibu mgonjwa wa malaria.

NENO KWA FAMILIA YA KAMERE

Tuseme, kwa mfano, baba na mama wanafanya kazi katika shamba la maua na watoto wao wawili wamezaliwa hapo hapo Kamere. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Kwa hivyo malaria huko si ugonjwa wa kila siku kama ilivyo kandokando ya Ziwa Victoria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwapata na vimelea watoto 19 katika kila 100 kwenye maeneo hayo ya ziwa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 6 hivi.

Mtu aliyekulia Siaya hujenga kinga fulani mwilini kwa kuumwa mara kwa mara. Akikaa Kamere miaka mingi, kinga hiyo hupungua. Na wale watoto waliozaliwa Kamere hawana kinga hiyo kabisa. Wakipelekwa kumwamkia nyanya yao wakati wa likizo, wanakuwa kama wageni kutoka Ulaya mbele ya mbu wa kule. Isitoshe, baada ya kuumwa na mbu, vimelea hujificha katika ini na kwa kawaida homa huanza kati ya siku 7 na 14, familia ikiwa tayari imerudi Naivasha, ambako hakuna anayefikiria malaria.

Kwa hivyo fanya yafuatayo:

Kwanza, ukisafiri kwenda maeneo ya ziwa au pwani, chukua vyandarua vyenye dawa. Usitegemee kwamba kwa nyanya kutakuwa na vya kuwatosha wageni.

Pili, homa ikianza ndani ya wiki kadhaa baada ya safari, nenda upimwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Kipimo cha kudungwa kidole hutoa jibu kwa muda wa dakika 20 hivi. Usingoje mapumziko ya Jumapili.

Tatu, mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa Busia au Homa Bay na ulirudi siku gani. Asipojua ulikotoka, anaweza kukutibu kikohozi. Na ikiwa umekwisha kunywa artemisia, mwarubaini au dawa nyingine yoyote ya mitishamba, mwambie pia. Usione haya, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Mama mjamzito aseme hali yake kabla ya kupewa dawa yoyote.

Nne, ukipatikana na malaria, maliza dozi. AL humezwa mara sita kwa siku tatu: ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni. Mtu mzima kwa kawaida humeza vidonge vinne kila mara, jumla 24, na mtoto hupimiwa kwa uzani wake. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ndipo mwili uipokee vizuri. Usimwekee ndugu nusu ya vidonge eti kwa sababu umepata nafuu.

Tano, mtoto akipatwa na degedege, akitapika kila kitu, akilegea au akishindwa kunyonya, usichemshe chochote. Mkimbize hospitalini.

Hatusemi haya kuwadharau wazee wetu na miti yao. Kisa cha Bi Tu chenyewe ni ushahidi kwamba maarifa ya jadi yanaweza kuwa hazina. Tena tunaelewa kwamba foleni ya zahanati humgharimu kibarua ujira wa siku nzima, na kikombe cha chai ya jirani hakina foleni. Lakini kumbuka ni kazi gani iliyofanyika kati ya kitabu cha Ge Hong na kidonge kilicho mkononi mwako. Watu walisoma, walipima, walijaribu mamia ya dawa zilizoshindwa, na wengine wakainywa wao kwanza. Kazi hiyo ndiyo unayoimeza katika kila kidonge, na ndiyo isiyoweza kupatikana katika sufuria.

Basi artemisia ukiipanda nyuma ya nyumba kwa ajili ya harufu yake, ni sawa. Ila likizo ijayo, ukishuka kwenye matatu hapo Kamere na mizigo yako, hesabu siku. Na mtoto akisema, "Mama, nasikia baridi," kabla hujafikia birika, fikia kwanza leso ya kumbebea zahanati.